Siku Niliyojifukuza Nchini

Jamani, mkinicheka chekeni taratibu, maana aibu hii siyo ya kujificha chumbani, niliipata barabarani, mchana, mbele ya kwaya, majirani, watu wa forodha na ndugu zangu wa nchi mbili. Mimi ndiye Yakobo yule aliyejifukuza Tanzania bila kufukuzwa na mtu.

Nilizaliwa upande wa pili, Zambia, kabla hata haijaitwa Zambia, nikaletwa Tunduma na mjomba kujifunza ufundi baiskeli, nikakaa, nikaoa mke kutoka Ibaba kule Ileje, tukapata watoto, nikawa mwalimu wa kwaya kanisani, na muda wote huo niliishi kwa kibali changu cha kuishi nchini ambacho kilikaa ndani ya kopo la majani ya chai na hakuna aliyewahi kukiuliza. (Sisi Wanamwanga tuko pande zote mbili za mpaka, mtu anakwenda msibani kule asubuhi, jioni yuko huku anakula ugali wake.) Lakini miaka ile kila mkutano ilikuwa ni kujenga taifa, ndugu huyu, ndugu yule, nami nikachoka kuwa mtu wa kibali. Nikaomba uraia.

Nikaitwa Mbeya. Nikavaa koti la harusi, nikapanda lori la viazi, nikafika nimejaa vumbi mpaka kope. Ofisa alikuwa mtu mpole, akanikaribisha kiti, akasema, "Ndugu Yakobo, ombi lako la uraia limekataliwa."

Halafu akainama kutafuta kitu kwenye droo.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Niliinuka nikatoka. Sikusubiri ainue kichwa. Machozi yalikuwa karibu kunitoka na sikutaka mwanaume mwenzangu ayaone, basi. Nikiwa nje nikasikia ananiita, "Ndugu! Ndugu, subiri kwanza!" nami nikajua tayari, anataka nikamatwe, nikaongeza mwendo, na njia nzima ya kurudi nilijiona ndani ya gari la serikali nikisindikizwa mpakani, watoto wangu wakiangalia.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, "Mama Neema, nchi imenikataa. Natakiwa kuondoka."

"Wamesema uondoke?"

"Mtu akikunyima uraia anataka ubaki kufanya nini?"

Akamvuta mtoto karibu yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na sisi?"

Nikajibu kwamba yeye na watoto ni wa hapa, wabaki, mimi nitakuwa nakuja kuwasalimia. Nilidhani nasema maneno ya busara. Aliingia jikoni akakaa humo muda mrefu, na moto haukuwashwa.

Niliona heri niondoke mwenyewe kwa heshima kuliko kuburutwa, na kama ningeondoka kimyakimya yangeishia hapo. Lakini nilimwambia Mzee Sichone, balozi wetu wa nyumba kumi, naye akasema, "Mwalimu wa kwaya haondoki kama mwizi wa kuku," akatangazia watu. Kanisani nikaombewa, kina mama wakalia. Bi Zuhura, jirani yangu Mwislamu kutoka Kondoa, aliyekuwa akileta mchele kutoka Kamsamba, akapika pilau ya kuniaga, tena ya nyama, akaninong'oneza, "Kula baba, huko sijui watakulisha nini." (Huko ni kwetu, tena unapaona ukisimama mlangoni kwake.) Mimi nilivyoona napendwa hivyo nikalewa wema, nikaanza kugawa vitu. Kuku nikampa Bi Zuhura. Kitanda nikawapa maharusi waliofunga ndoa wiki ileile. Vifaa vya baiskeli nikampa fundi mwenzangu ambaye siku zote alikuwa ananiibia wateja, nikamkumbatia na kumwita mdogo wangu.

Siku yenyewe kwaya ilijipanga barabarani kwa sare, sauti zote nne, wakanisindikiza wakiimba wimbo wa kuagana mbinguni niliowafundisha mwenyewe. Mke wangu alitembea pembeni yangu akiwa na mtoto mgongoni. Kule ng'ambo kaka yangu Daudi alikuwa amepata habari, amekuja na ngoma na ukoo, wanapiga kelele, "Mwaiseni! Mwaiseni!" wananikaribisha, na mbuzi kwa hesabu zao alikuwa tayari chunguni.

Kijana wa uhamiaji pale kwenye kizuizi cha mpaka akauliza, "Mzee, safari ya wapi na watu wote hawa?"

Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Nimefukuzwa nchini."

Kwaya ikapandisha sauti.

"Nani amekufukuza?"

Nikamweleza habari ya Mbeya. Akaomba kibali, nikakitoa kwenye kopo, akakisoma mbele na nyuma, akainua mkono kwaya inyamaze. (Haikunyamaza mara moja, sauti ya nne huwa inachelewa.)

"Mzee, hiki kibali ni kizima."

"Lakini nimekataliwa."

"Umekataliwa uraia. Uraia ni jambo moja, kuishi nchini ni jambo lingine. Ulichoomba hujapewa, ulichokuwa nacho hakijaguswa. Ulikuwa mkaazi, umebaki mkaazi, mpaka kibali kiishe au wakifute wenyewe, na hapa hakijafutwa. Hata kuomba tena unaweza. Hawakukueleza?"

Nikakumbuka yule ofisa na droo yake, na ile sauti iliyoniita nisubiri. Mzee Sichone akakohoa, akauliza, "Kwa hiyo mwalimu haondoki?"

"Akitaka aende, ni hiari yake," akasema kijana. "Sisi hatuna ugomvi naye."

Ng'ambo ngoma zikaendelea, wenyewe hawakuwa na habari.

Nikamgeukia mke wangu nikitaka kutabasamu, nikakuta analia, kilio ambacho hakukitoa kanisani wala kwenye pilau. Akasema mbele ya watu wote, "Baba Neema, uliniacha kabla hata hujauliza kama unaondoka."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliko kicheko kilicholipuka baadaye, maana Bi Zuhura ndiye aliyeanza, akasema kwa uchungu kabisa, "Na jogoo nimeshamchinja!" na kwaya nzima ikakaa chini barabarani kwa kucheka, na mimi mwenyewe nikacheka mpaka nikashika kizuizi nisianguke. Tulivuka wote kwenda kumla yule mbuzi, kijana wa uhamiaji akaturuhusu ilimradi turudi kabla ya jua kuzama. Daudi alininunia mwaka mzima.

Kitanda sikukidai, nani atamtoa bibi harusi kitandani? Tulilala kwenye mkeka, mimi na Mama Neema, na ilibidi nimwombe radhi siku nyingi kabla hajaacha kunipa mgongo. Yule fundi mwenzangu alirudisha vifaa, spana moja pungufu.

Nimeapa sitaagwa tena Tunduma nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Siku wakiniimbia tena wimbo ule nitakuwa nimelala, na hata wakikosea sauti ya nne sitawasahihisha.