Rangi ya Pera

Juzi asubuhi mbwa wa mwenye nyumba wetu, hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, alipiga mwayo mbele yangu langoni. Kabla sijafikiria, nilikuwa nimeinama nikichungulia fizi zake. Zilikuwa nzuri, rangi ya pera lililoiva, kwa ndani.

"Sasa wewe unatafuta nini kwa mdomo wa mbwa?" mwenye nyumba akaniuliza.

Nilimpapasa mbwa kichwani, nikajiendea. Mimi kuongea hunichukua muda. Lakini wewe nitakueleza, polepole.

Nililelewa na shosho, nyanya yangu, kule kijijini Kabazi. Tulikuwa na ng'ombe wawili, kuku, shamba la mahindi na maharagwe, na mpera mmoja nyuma ya zizi. Asubuhi zetu zilikuwa na sauti zake: maziwa yakigonga ndoo, redio ya Shosho ikikwaruza, na mkia wa Popi ukipiga mlango wa mabati. Popi alikuwa mbwa wetu, wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Alinisindikiza kila siku nikienda shule mpaka kwenye kijito, akanitazama nikivuka, kisha akarudi kulinda nyumba.

Nilikuwa darasa la tano mkia huo uliponyamaza. Popi alilala chini ya mpera, na hakuinua kichwa hata ndoo ya maziwa ilipopita karibu na pua yake. Alipojikokota kwenda kukojoa nilimfuata, maana mimi nilikuwa mtoto wa kufuata kila kitu, na nikaona mkojo wake una rangi ya turungi, chai isiyo na maziwa. Shosho akamfunua mdomo vile alivyozoea kufunua ng'ombe. Fizi zilikuwa nyeupe kama ugali. Macho yalikuwa na umanjano.

"Ni kupe," akasema.

Kwetu ng'ombe akikojoa hivyo ni kupe, basi na kwa mbwa lazima iwe ni kupe. Alichanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye karai, tukamsugua Popi mpaka akatetemeka. Tulitafuta ndani ya masikio na katikati ya vidole. Tulimpata kupe mmoja tu, mdogo, na Shosho akamponda kwa jiwe kama mtu aliyemaliza kesi. Kesho yake fizi zilikuwa bado ugali.

Ndipo akamwita daktari wa mifugo, yule aliyekuja kwa pikipiki kutupimia ng'ombe mimba. Alimtoa Popi damu mguuni, akaweka tone moja juu ya kioo kidogo, akaongeza maji ya chumvi na kukitikisa taratibu kwenye mwanga wa jua. Nilikuwa nimesogea mpaka kofia yake ikanigusa. "Njoo basi uone vizuri," akasema. Damu haikusambaa. Ilishikana vipunjepunje, kama maziwa yaliyoharibika yakimwagwa kwenye chai moto. Nyingine alikwenda nayo Nakuru kupimwa, na aliporudi alisema si kupe.

Alitaja jina refu la Kiingereza. Shosho akamkatiza. "Hilo rudi nalo nyumbani, daktari. Niambie mbwa wangu ana nini."

Daktari akacheka. Alisema mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na askari wa Popi wamechanganyikiwa. Wanaivamia damu yake mwenyewe na kuivunja.

"Kwani hawaijui?"

"Walikuwa wanaijua, mathe. Sasa wanaiona kama mgeni."

"Na kwa nini?"

"Hapo ndipo hata sisi hatujui."

Sikulala vizuri kwa ajili ya jibu hilo. Ikiwa damu yake imesahauliwa, je, Popi naye angetusahau? Kila asubuhi nilimwita jina lake kwanza, nione kama sikio litasimama, kisha nikafunua mdomo. Shosho alitaka ripoti akiwa bado anakamua. Nilisema "ugali", na siku nyingine "ugali na chai kidogo", yaani weupe umeanza kushika rangi. Vidonge alivyotuachia daktari, vya kuwatuliza wale askari, tulivificha ndani ya parachichi. Vilimfanya Popi awe na njaa na kiu ya ajabu. Alikunywa maji ya kuku, akaiba githeri jikoni, akala hata sabuni ya kufulia. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alisimama kwenye ua akishangaa.

"Shosho, huyo mbwa anameza dawa kuliko mimi!"

"Kwani wewe ukisikia mwizi unabweka?"

Halafu asubuhi moja niliona pera. Nilipiga kelele, mimi ambaye mwalimu aliniomba kila siku niongeze sauti. Shosho akachinja jogoo, na utumbo wote ukawa wa Popi.

Daktari alikuwa ametuonya tupunguze dawa tu atakapotuambia yeye. Lakini Shosho alikuwa na desturi yake. Mnyama akipona, dawa iliyobaki ni akiba. Aliiweka kwenye mkebe wa mbegu za maharagwe, pamoja na ya minyoo na ya macho ya ndama, ingoje mgonjwa mwingine. Vidonge vya Popi vikaenda huko. Nilimwona akifunika mkebe, nikanyamaza. Kwetu mtoto hakumfundisha shosho yake kazi.

Haikupita wiki, fizi zikaanza kufifia. Nilimtazama Popi mara mbili, nikaenda zizini, nikasimama nyuma ya Shosho. Maziwa yaligonga ndoo. "Chai," nikasema. Hakunisikia. Nikasema tena kwa nguvu, "Shosho, ni chai, inaenda ugali. Fungua mkebe."

Mikono yake ilisimama kwenye chuchu za ng'ombe. Hakunigombeza. Alinyanyuka, akaacha ng'ombe hajamaliza kukamuliwa, akamwaga mkebe wote mezani, na tukavichagua vile vidonge vyeupe kati ya maharagwe, vichwa vyetu vikigusana. Daktari aliitwa tena siku hiyohiyo.

Popi alipona polepole, akaishi mpaka mdomo wake ukawa na mvi. Sikuwahi kujua kwa nini damu yake ilisahauliwa. Bado najiuliza.

Zizi sasa halipo, na mpera ulikatwa shamba lilipogawanywa. Shosho naye aliugua mwaka jana. Nilipokwenda kumwona alivuta mdomo wake wa chini kwa kidole, akanionyesha fizi, macho yakicheka.

"Haya, daktari. Leo niko rangi gani?"

Zilikuwa chai, zikienda ugali.

"Pera, Shosho."

"Ulisema kwa sauti ndogo," akanijibu, akanishika mkono.