Kilichovunjika Kiko Wapi?

"Bibi, mbona unawafukuza watu waliokuja na hela zao?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu. Akanipa kopo la misumari nitenge mikubwa na midogo, na swali langu likaishia hapo.

Bibi, mzaa mama, ana duka la vifaa vya nyumba: koki, bawaba, vitasa, mipira ya bomba. Chumba ni chake mwenyewe, nacho kimejaa hadi mtu mnene huingia kwa ubavu. Sharti lake ni moja: huuziwi kitu mpaka umwonyeshe kilichoharibika. Ukisema, "Nataka kitasa," anakuuliza, "Kilichovunjika kiko wapi?" Ukikileta anakigeuza, anakipuliza, na mara nyingi anakurudishia.

"Hiki kimekauka tu. Kitie mafuta. Haya, nenda nyumbani."

Mtu anaondoka na hela yake mfukoni, mimi nabaki mdomo wazi.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka kubwa, lenye vigari vya kusukuma na ubaridi unaokupokea mlangoni. Koki ya kule ni nusu ya bei. Mama alipata kazi ya keshia humo, na sare yangu ya shule inatoka kwenye mshahara ule, kwa hiyo siwezi kulisema vibaya sana. Lakini wateja wa Bibi walihama mmoja mmoja. Koki zao mpya zilipoanza kuvuja, baadhi walirudi wamezificha ndani ya gazeti.

"Karibu, msafiri," Bibi aliwapokea. "Ng'ambo hawajambo?"

Akishasema hivyo anabadilisha mpira wa ndani ya koki, yamekwisha.

Majirani wakamwonea huruma. Mwenyekiti wa mtaa akabandika bango mlangoni: NUNUA KWA JIRANI YAKO. Mwalimu wangu wa hesabu akaja, akachukua bawaba mbili.

"Mlango wako una nini?" Bibi akamuuliza.

"Hauna kitu, Bibi. Nakuunga mkono tu."

"Mkono wangu haujavunjika, mwanangu. Zirudishe."

Jioni ile alilibandua bango. "Sitaki mtu aninunulie kama anatoa sadaka," alisema. "Bawaba zangu ni nzuri. Asiyeuona uzuri wake avuke barabara, safari njema."

Mama alishindwa kuvumilia. "Mama, utakula ukaidi?"

"Nimeula miaka yote, na wewe umekua kwa huohuo."

Mwaka huu, nikiwa kidato cha pili, Mama akaja na habari: meneja wake anataka kukodi chumba cha Bibi kiwe stoo. Kodi ni ya kila mwezi, Bibi akae nyumbani anyooshe miguu. Mama hakuwa na ubaya. Miguu ya Bibi huvimba, na wiki ile karibu yote kengele ya mlango ilikuwa imenyamaza. Nilimwona Bibi akizitazama rafu zake, moja baada ya nyingine, nikajua duka limekwisha.

"Aje mwenyewe," akasema.

Meneja alikuja Jumamosi, shati limepigwa pasi hadi linakata, Mama yuko nyuma yake na sare ya kazi. Bibi akamwonyesha kigoda.

"Kilichovunjika kiko wapi?"

Meneja akamtazama Mama. Mama akatazama sakafu.

"Hakuna kilichovunjika, Bibi. Nimekuja kwa ajili ya chumba."

"Chumba nacho kizima. Kina mwenyewe na kina kazi. Basi huna shida kwangu, mwanangu. Nenda nyumbani."

Meneja alicheka, akidhani anataniwa. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Mama akamsindikiza hadi barabarani, na nilifikiri atarudi na ugomvi. Alirudi, akashusha pumzi, akasema, "Mama, wewe!" Halafu akachukua kitambaa, akaanza kupangusa vumbi kwenye rafu ya vitasa.

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza tena.

"Bibi, nilikuuliza zamani hukunijibu. Mbona unafukuza wateja?"

Alikuwa ameshika koki ya mtu, anaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Nikimuuzia kila mtu kila kitu," alisema, "si nitakuwa kama wale wa ng'ambo, tena ghali?"