Nilivyomsaka Mwizi wa Maji Pangani

Mimi ni mkulima wa Mvumi, Kilosa. Shule sina, lakini boti ya injini niliinunua kwa jembe langu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilimpakia baba mkwe tupite mkono wa bahari kule Pangani. Yeye ndiye walii wa bibi arusi, mdogo wa mke wangu; bila yeye kumwozesha hakuna ndoa, na ndoa ilikuwa adhuhuri. Tukasimama ufukweni kula. Kugeuka, maji yamekwisha, boti imekaa topeni! Kwetu mfereji ukikauka ghafla, ujue kuna mtu kauziba huko juu. Nikamwendea balozi wa nyumba kumi.

“Mtu wako kapeleka maji yetu shambani kwake. Mwite hapa!”

“Baba, mmetokea bara?” Balozi akacheka. “Bahari imekupwa tu. Itajaa alasiri.”

Baba mkwe, matope magotini, akamwambia, “Na huyu ndiye niliyempa binti yangu!”