Mota Ikija, Ingia kwenye Matete

Niliposikia kwamba kutakuwa na mashindano ya kuvua samaki kwa kayaki, nilidhani mdogo wangu ananitania. Yeye ndiye kitinda mimba wetu. Alikuwa amepata kazi kwenye klabu moja ya ufukweni, kuosha vile viboti vya plastiki na kuvikodisha kwa wageni. Jioni moja alirudi nyumbani Kinama, akavua viatu mlangoni na kunieleza hata kabla hajakaa.

"Yaya, unashika samaki, unamulaza kwenye rula, unamupiga picha, kisha unamurudisha mu maji."

Yaya ni mimi. Kwetu mkubwa huitwa hivyo, awe mwanamume au mwanamke.

"Unamurudisha afanye nini?"

"Aishi."

"Na ninyi mutakula nini? Picha?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nauliza kweli. Samaki aliyerudi majini, kwa hesabu zangu zote za maisha, ni samaki aliyekutoroka. Sikujua kwamba kuna watu wanaopewa kombe kwa hilo.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la sita, na baba alikuwa ametangulia. Nyuma yangu walikuwa wadogo watatu. Sikurudi shule baada ya msiba. Nilichukua mtumbwi wa baba na kwenda kuvua kule mto Rusizi unapoingia ziwani, kwenye matete na mafunjo, ambako njia za maji hubadilika kila mvua kubwa zikinyesha. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilijifunza sheria moja, na hiyo ndiyo iliyotulisha: ukisikia mota, ingia kwenye matete, lala chini, usitikisike mpaka sauti ipotee.

Siku zile mota ilikuwa na maana ya doria. Mimi nilikuwa navua mahali samaki wanapotaga, mahali palipokatazwa, na nilijua pamekatazwa. Wangenikamata wangechukua nyavu, na nyumbani kulikuwa na watoto watatu wanaosubiri sufuria. Halafu mtoni kuna viboko, wale wanyama wazito wa majini. Mota ikipita, wanazama na kutembea chini katikati ya mto, na mtu mwenye mtumbwi mdogo hataki kuwa juu yao wakati huo. Kwa hiyo matete yalikuwa salama mara mbili. Nililala humo nikisikia mawimbi ya mota yakipita kwenye mashina, na nilirudi nyumbani kila siku. Wadogo zangu wote niliwafundisha hivyo. Wawili waliukimbia mto mapema, mmoja sasa ana duka dogo mtaa wa Asiatique, mwingine ni fundi wa kuchomelea. Huyu wa mwisho aliupenda.

Klabu ilichagua wafanyakazi wake watatu washindane pamoja na wageni, na ikasema kwamba atakayefanya vizuri zaidi kati yao atapewa kazi ya kudumu ya kuongoza watu majini. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Mimi nilichukuliwa kwa siku hiyo tu, niwe mlinzi kwenye kona moja ya mto, kwa sababu nakujua kule.

Siku chache kabla ya mashindano tuliitwa kwenye mkutano. Mama anayeisimamia klabu, ambaye wote tulimwita Madame, alitandika ramani mezani, ya karatasi iliyofunikwa plastiki. Akasoma kanuni. Kila mtu avae jile, ile fulana ya kuokolea. Kila mtu awe na filimbi shingoni. Nyuma ya kiti cha kila kayaki isimame bendera ya rangi ya machungwa kwenye fimbo ndefu, kwa maana mwenye boti ya mota haoni kitu kilichokaa chini usawa wa maji. Na kanuni kubwa kuliko zote: wadogo pembeni, mota katikati; wadogo ni wenye kayaki na mitumbwi.

Kisha akanigeukia. "Wewe unayejua huko, iko sawa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo ninaporudi kila mara, na kila mara sielewi. Kwenye ile ramani mto wote ulikuwa wa buluu moja. Lakini kwenye kona yangu, tangu yale mafuriko makubwa, mchanga umelala katikati na upande wa ndani. Kina kimebaki upande wa nje tu, kikiambaa na matete. Mota haiwezi kupita katikati pale; itakwama. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimeshuka kwenye mtumbwi na kuusukuma juu ya mchanga ule kwa miguu yangu mara nyingi mno. Na bado niliposikia "wadogo pembeni" ilinijia vizuri, kama kitu nilichokuwa nikisema mwenyewe siku zote. Labda niliona haya mbele ya karatasi ile. Labda mto ninaoujua kwa miguu na mto ule wa mezani haikukutana kichwani mwangu. Sijui.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na kayaki kama ishirini. Madame alipuliza honi na wote wakatawanyika kwenye njia za maji. Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi wangu, nimeukwamisha kwenye mchanga upande wa ndani wa kona, na kitambaa cha machungwa na filimbi. Kazi yangu ilikuwa moja. Nikisikia mota, nipulize mara moja, kwa muda mrefu, ili wavuvi wajiweke pembeni.

Mdogo wangu alifika kwenye kona jua lilipoanza kuuma. Alikuwa ng'ambo yangu, upande wa matete, na kabla sijauliza aliinua mikono kunionyesha urefu.

"Kambare! Namna hii!"

"Umemurudisha?"

"Nimemurudisha, yaya! Usilie!"

Mwenzake mmoja aliyekuwa nyuma akamtania, "We, rula yako imekula samaki ngapi? Acha kudanganya kaka yako!" Akapiga kafi na kuingia kwenye njia nyingine. Akabaki mdogo wangu peke yake, akirusha ndoana karibu na mashina.

Ndipo nikasikia mota, ikitoka ziwani. Niliitambua kwa sauti. Ni ya mzee mmoja wa Buyenzi, fundi wa mota, ambaye hupeleka watu kuangalia viboko. Si mtu wa mbio. Nikapuliza filimbi, mara moja, kwa muda mrefu, kama nilivyoagizwa.

Mdogo wangu akafanya kila kitu nilichomfundisha. Akavuta ndoana, akaelekeza pua ya kayaki kwenye matete, akaingia. Fimbo ya bendera ilikwama kwenye majani. Akanyoosha mkono nyuma, akaikunja, akaibana chini ya kwapa. Akalala. Matete yakajifunga. Kwa vipimo vyangu ilikuwa kazi safi, na nakiri kwamba kwa sekunde moja nilijivuna.

Kisha boti ikatokea kwenye kona, na badala ya kuja katikati ikaelekea kwenye matete, kwa sababu huko ndiko kuliko na maji.

Nilisimama. Nikapunga kile kitambaa. Mzee aliniona, na kwa kuwa mimi nilikuwa upande wa mchanga, alidhani namwambia asinikaribie. Akaegemeza usukani zaidi kwenda upande wa matete. Nikapiga kelele, "Toka! Toka humo!" Halafu nikawaza kwamba akitoka sasa atatokea mbele ya pua ya boti. Nikapiga kelele, "Baki! Usitoke!" Nilisema yote mawili, tena na tena, na sijui ni lipi lilikuwa la mwisho. Tangu mama afariki hakuna siku niliyowapa watoto wale maneno mawili yanayopingana. Lilikuwa moja, wakalifuata, likawa sawa.

Kutoka kwenye matete kikatoka kitu cha njano. Ni kafi lake. Alikuwa amelisimamisha wima kwa mikono miwili na kulitikisa. Mzee alizima mota palepale na kukata usukani. Boti ilipita mbele ya kafi, kwa umbali wa mitumbwi miwili labda, kisha wimbi lake likafuata, likainua kayaki na kuipindua juu ya mafunjo.

Sikumbuki nilivyovuka. Nilimkuta amesimama kwenye matope mpaka kifuani, jile imempanda masikioni, akitema maji.

"Simu," alisema. "Picha zote zilikuwa mu simu."

"Uko sawa? Mguu? Kichwa?"

"Yaya, kambare yangu ilikuwa mu simu!"

Mzee alisogeza boti kwa mti mrefu. Abiria wake wawili walikuwa wameshikana.

"Wallahi, kijana, mi niliangalia," aliniambia. "Waliniambia nitafute rangi ya machungwa. Nikatafuta. Hapakuwa kitu."

"Aliikunja," nilisema.

"Kwa nini mutu akunje bendera?"

Mdogo wangu alinitazama. Mimi ndiye niliyejibu, "Mi nilimufundisha."

Ufukweni Madame alitaka kujua kosa ni la nani. Mdogo wangu alikaa pembeni kama kanuni ilivyosema. Mzee alipita penye kina, na hakuna njia nyingine. Mimi nilipuliza filimbi kama nilivyoagizwa. Nilimweleza habari ya mchanga, na aliponiuliza kwa nini sikusema siku ya mkutano, niliweka kidole kwenye ramani, pale mchanga ulipolala. Aliandika kitu hapo kwa kalamu nyekundu. Bila picha, samaki wa mdogo wangu hakuhesabiwa. Lakini Madame alisema nafasi ile ya kazi haijafungwa. Anataka kwanza kuona kama mtu huyu anaweza kupita mtoni bila kuuawa.

Mdogo wangu aliniuliza kesho yake asubuhi, tukiwa kwenye chai.

"Sasa mota ikija, nifanye nini?"

Amekuwa akiniuliza mambo tangu ana miaka mitatu. Kama mama atarudi. Kama mvua itaingia ndani. Kama dawa chungu inasaidia. Nilikuwa na jibu kila mara, hata la kubahatisha.

"Sijui," nilisema.

Aliweka kikombe chini. "Bon. Basi twende tuangalie."

Tulikwenda kumwona mzee, na mchana, boti ilipokuwa haina watu, alikubali. Mdogo wangu alitangulia na kayaki. Nilimwambia afanye kama Jumamosi, aingie palepale na kujificha vilevile, na mzee aende polepole, mota ikinong'ona tu. Mimi nikakaa mbele. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kupanda boti ya mota kwenye mto ule.

Tuliingia kwenye kona. Kutoka juu pale maji yaling'aa mpaka macho yakauma, na matete yalikuwa ukuta mmoja wa kijani, bila mlango. Nilikuwa najua anapolala. Nilikuwa nimepachagua mimi mwenyewe, miaka mingi kabla yake. Nilitafuta jani lililovunjika, jile, kisogo. Mzee alipunguza mota zaidi.

"Haya, kijana. Yuko wapi?"

Niliendelea kutafuta mbele.

"Yaya." Sauti yake ilitokea nyuma yetu. "Mumeshanipita."