Jiko Alilolijenga Baba Mdogo kwa Kalamu

Siku ile tulikuwa wanane katika ofisi ya mthamini wa nyumba: mimi, wadogo zangu wawili (msichana ambaye ni muuguzi na kitinda mimba wetu wa kiume), mwanamke wa El Salvador mwenye saluni ninamosukia nywele pale Wheaton, bwana anayewasaidia wasemao Kihispania kukata rufaa za kodi ya majengo, mthamini mwenyewe, mama mmoja mwenye mafua aliyekuwa akingoja zamu yake, na baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yetu, ndani ya suti yake ya kanisani. Huyo wa mwisho nilimwalika mimi. Nilimwambia kwa simu kwamba tunahitaji mzee wa kutusimamia. Alifika kabla yetu sote.

Jimbo la Maryland, hapa Marekani, hukadiria upya thamani ya nyumba kila miaka mitatu, na kodi hufuata thamani hiyo. Barua yetu ilipokuja, thamani ilikuwa imeruka kiasi kwamba tungelazimika kuuza. Wazazi walipokufa, sisi watatu tuligawanywa kwa jamaa kama vyombo vya jikoni. Ilinichukua miaka mingi kuwakusanya wadogo zangu, na nyumba ile ya Gaithersburg, iliyobanwa katikati ya nyumba nyingine mbili, ndiyo paa la kwanza lililotufunika pamoja tena.

Kwetu barua ya serikali hupelekwa kwa aliyesoma, na baba mdogo amesoma. Kila Jumapili baada ya ibada huwajazia watu fomu, na hakuna anayeomba kuona alichoandika, ingekuwa kumtukana. Kwa hiyo nilimpelekea. Aliisoma akacheka.

“Binti yangu, watu wanafunga na kuomba nyumba zao zipande bei. Wewe unalia?”

“Na kodi imepanda, baba mdogo.”

“Basi suka nywele zaidi.”

Mwenye saluni ndiye aliyeniona nikisuka vibaya siku iliyofuata. Ananiita hermana, yaani dada, nami namwita vivyo hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa amehangaika na kodi ya jengo lake, akasaidiwa. “Hermana, Jumamosi twende,” alisema. “Njoo na karatasi, machozi acha nyumbani.”

Tulikwenda kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la mikate. Yule bwana wa rufaa, kwa anwani aliyopewa na mwenye saluni, alikuwa ameomba faili la nyumba yetu serikalini siku chache kabla. Aliuliza kwa Kihispania, mwenye saluni akageuza kwa Kiingereza chake, ambacho kimepinda kama changu.

“Anauliza, huko besimenti mnapika nini?”

“Besimenti hakuna jiko.”

“Anasema lipo. Na bafu lipo. Na vigae.”

Ndani ya faili mlikuwa na fomu waliyotuletea tuliponunua nyumba. Nilikumbuka kutia sahihi mahali baba mdogo alipoweka kidole. Alikuwa ameandika kwamba chumba chetu cha chini ya ardhi, hiyo besimenti, kimekamilika, kina jiko, bafu na vigae. Nilimwelewa mara moja. Mbele ya wageni, nyumba ya ukoo haishushwi. Wakwe wakija unataja hata ng'ombe usio nao. Aliijibu serikali kama iliyokuja kuposa.

Hilo ningeweza kulisamehe. Lakini ule mwandiko unaolala kinyumenyume, na ile mistari miwili chini ya maneno anayoyaona makubwa, nilikuwa navifahamu. Nilipokuwa kidato cha pili alimwandikia mwalimu wangu mkuu kwamba naacha shule, kisha akanichukua nikalee watoto wake. Mwalimu alinipa barua ile nikiondoka. Chini ya maneno “kwa hiari yake” ipo mistari miwili.

Ndiyo maana nilimwalika.

“Nani alijaza fomu hii?” mthamini aliuliza.

“Sahihi ni yangu,” nikasema. “Mwandishi ni huyu hapa.” Nikaisukuma mbele ya baba mdogo. “Tusomee. Wewe ndiye uliyesoma.”

Akaniinamia, akasema kwa Kiswahili, “Binti, haya ni mambo ya nyumbani.”

“Ndiyo, ya nyumbani. Anzia kwenye jiko.”

Alitafuta miwani katika kila mfuko. Mwenye saluni akavua yake, ya fremu nyekundu, akampa. Akasoma: jiko, bafu, vigae. Mthamini akapanga picha zetu kando ya fomu, moja moja: saruji tupu, mtambo wa kupasha joto, ndoo mbili za kukinga maji yanayovuja.

“Umewahi kushuka huko chini?” mthamini alimuuliza.

“Hapana,” alisema baba mdogo.

Kitinda mimba alitazama viatu vyake. Mimi nilimtazama baba mdogo mpaka alipovua ile miwani. Barua ya shule ilikuwa mkobani mwangu siku ile. Sikuitoa.

Majibu yalikuja baadaye: jiko limefutwa, thamani imeshuka, na hatujauza. Nilipomuuliza mwenye saluni nimlipe nini, alisema, “Kaa mezani na watu wako.” Basi Jumamosi ninakaa mwisho wa meza ya kile chumba cha duka la mikate, na Wakenya, Watanzania na Wakongo, na swali langu la kwanza ni nani aliyekujazia fomu.

Mtaa wa baba mdogo hukadiriwa mwaka tofauti na wetu. Mwaka huu barua yake imefika, nzito kuliko yetu, naye amemtuma mkewe.

“Anasema umsaidie,” mama mdogo alisema.

“Nitamsaidia. Aje mwenyewe, asimame foleni.”

“Hivyo tu?”

“Na aje na miwani yake. Nina barua yake moja ya zamani. Atawasomea wadogo zangu kwanza, kwa sauti, halafu tutazungumza habari za kodi.”

Siku za kukata rufaa zimebaki chache, na Jumamosi iliyopita hakutokea. Besimenti ameshailipia. Kidato cha pili bado, na mimi Jumamosi nipo.