Kitovu cha Mjukuu wa Kisiwani

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, mji ambao ukitaka kuiona bahari sharti upande gari. Jambo hilo nimelifundisha miaka kumi na tisa bila kucheka. Kila mwaka nimesimama mbele ya ubao nikachora kisiwa cha Karibi: mlima katikati, mishale ya upepo kutoka mashariki, upande mmoja mvua, upande wa pili ukavu. Mwanafunzi akiniuliza, "Mwalimu, umewahi kufika?" namjibu kwamba swali hilo halitoki kwenye mtihani.

Aliyefika ni mdogo wangu wa kike. Bwana mmoja wa huko alikuja Dar kwenye mradi wa maji. Maji yenyewe hatukuyaona, ila bwana aliondoka na mdogo wangu. Ndoa ilifungwa Kisarawe nyumbani kwa mama, kwa heshima zote, wakaenda zao. Baada ya mwaka mmoja na kitu tukaletewa habari kwamba wamepata mtoto wa kike, mzima wa afya, na hapo ndipo mama yangu alipoanza kukosa usingizi.

Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka hakitupwi ovyo. Kinafungwa kwenye pamba, bibi anakizika shambani karibu na mti, na mtoto akikua anaonyeshwa mti wake. Mama anaamini jambo moja ambalo halitaki mjadala: aliyezikwa kitovu mahali atarudi mahali hapo, apende asipende. Kwa hiyo cha mjukuu kikibaki ugenini, mjukuu kapotea, na mama yake kapotea naye. Macho ya mama yalikuwa yanafifia, mtu wa hatua tatu mbele anamwona kama moshi. Ndege hataki hata kuisikia. "Nikifa sijamshika huyo mtoto, sawa, Mungu ndiye mpangaji," aliniambia kwenye simu. "Lakini kitovu chake kikiwa hapa, najua watarudi. Hata wakinikuta kaburini, watakuwa wamerudi."

Mdogo wangu alimwambia asihofu, kitovu kipo, amekihifadhi kwenye kikopo. Mtoto alipofikisha miezi minane, shemeji akanikatia tiketi nikawatembelee wakati wa likizo. Nilitaka kwenda Kisarawe kumuaga mama, wallahi nilitaka, lakini nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Tukaagana kwa simu. "Sitaki picha, sitaki zawadi, sitaki habari za milima," akasema. "Niletee kitovu."

Basi nikafika kwenye kisiwa changu cha ubaoni. Barabara ilikuwa moja, inazunguka kisiwa chote kwa kufuata ufuko. Ukipotea njia, unaambiwa uendelee tu mbele, utarudi ulikotoka. Mji wa shemeji ulibanwa kati ya mlima na maji, nyumba zimepanda mteremko moja juu ya bega la nyingine, kiasi kwamba ukipiga chafya juu, unaombewa afya chini. Ulikuwa upande uliokingwa na mlima, ule ambao kwa miaka kumi na tisa nimewaapia watoto wa watu kwamba ni mkavu. Mvua ikanyesha siku ya kwanza. Ikanyesha ya pili, na ya tatu. Nikamweleza shemeji kwamba kwa mujibu wa kitabu hapa hapapaswi kunyesha. Akanipa mwavuli.

Watu wale wanaishi na bahari mlangoni, lakini wengi hawaogelei, na chakula chao cha sherehe ni samaki wa chumvi anayetoka nchi za barafu. Analetwa kwa meli, anapita juu ya samaki wabichi wote wa bahari ile kuja kuliwa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikazikumbuka korosho zetu zinazoondoka Kisarawe ghafi na kurudi kwenye maduka ya Kwa Mathias, hapa Kibaha, ndani ya pakiti zinazong'aa, nikaziachia mbavu.

Siku ya Jumatano ilikuja meli ya watalii, ndefu kuliko mji. Asubuhi hiyo akina mama niliowaona jana yake na madera ya kawaida walikuwa wamejifunga vitambaa vya mirabaraba kichwani, wanauza kofia za ukili. Niliigeuza moja nikakuta imetengenezwa bara jingine kabisa. Mwenye duka la mipira ya maji akawa mpiga ngoma. Saa kumi na moja meli ilipopiga honi, ngoma ikarudishwa stoo na mji ukaanza tena kugombana kuhusu mitaro na majogoo. Vimbunga wamevipa majina ya watu, na wanavizungumza kama wajomba wakorofi: yule aliondoka na paa la shule, yule akamtoa mtu kitandani. Lakini adabu wanayo. Mtu akiingia dukani asisalimie, wote waliomo wanageuka kumtazama kama mbuzi aliyeingia msikitini. Hapo nilijiona nyumbani.

Kitovu nilikiulizia siku ya nne. Mdogo wangu alikuwa anamenya ndizi mbichi, kisu kikasimama.

"Kaka," akasema, "hakipo."

"Hakipo vipi? Si ulisema kipo kwenye kikopo?"

"Mama mkwe alikizika siku ya nane. Nimeamka nakuta keshachimba, keshafukia na mnazi kaupanda juu. Na wao wana mila hiyo hiyo, kaka. Ningemwambia nini mama?"

Nilipandwa na hasira, sifichi. Nimevuka bahari nzima kufuata kitu ambacho kina mnazi juu yake! Kesho yake nikavaa shati la mikono mirefu, nikaenda kwa mama mkwe wake kuzungumza kama wakubwa. Nilisimama getini nikapiga hodi mara tatu kama inavyopasa, nikasubiri niambiwe karibu. Hakuna aliyesema karibu. Mvua ikaja, na mimi nimesimama, maana kwetu mtu mzima haingii bila kukaribishwa. Bibi alinitazama dirishani robo saa nzima. Alipotoka aliniuliza kwa nini mtoto wa watu nalowa wakati geti liko wazi.

Alikuwa bibi mrefu, mkavu, mwenye fimbo ambayo haikuwa ya kutembelea bali ya kunyooshea vitu. Nikamwamkia kwa kuinama, nikampa salamu za mama, nikaeleza kilichonileta. Kiingereza changu ni cha chaki, chake kina nyimbo ndani yake, lakini tulielewana. Hakukasirika. Alinishika mkono akanizungusha ua wake wa nyuma.

Mnazi wa kwanza alionionyesha ulikuwa mrefu, umeinama kwa upepo. "Huyu ni mwanangu wa kwanza," akasema, "yuko Uingereza." Mnazi wa pili ulikuwa Kanada. Mshelisheli mkubwa, wenye mashelisheli kama vichwa vya watoto, ulikuwa Marekani, tena ulikuwa na wajukuu asiowahi kuwaona. Mparachichi pia Kanada, lakini mji mwingine, na haukuwa ukizungumza na yule mnazi. Shemeji yangu alikuwa mlimao uliodumaa kando ya banda la kuku. Mwisho kabisa palikuwa na mnazi mchanga wa kimo cha goti, umezungushiwa waya mbuzi wasiule.

"Vyote nimezika mwenyewe," akasema. "Watoto watano. Amebaki huyu mlimao, na yeye mkewe, huyo wenu, akisema twende, ataenda." Akaupiga mshelisheli kwa fimbo, taratibu. "Kila mtu anasema kitovu kinavuta. Mimi naona kinachovuta ni mshahara. Mwambie mama yako, akikitaka nitachimba. Lakini asije akadhani kuna dawa humo."

Akaniambia na siku anazoongea na miti. Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikaona dawa ni kutoa hotuba, maana mwalimu hanyamazi. Nikasema watoto gani hawa wasiomjali mzazi! Nikasema kwetu Tanzania jambo hilo haliwezekani, kwetu mtoto hamtupi mama yake, kwetu mzazi ni mboni ya jicho. Nilizungumza vizuri sana siku ile. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungia mashelisheli mawili nikale.

Sikumwambia achimbe. Baada ya ile bustani, nani angethubutu? Lakini kumwambia mama ukweli nako hakuna aliyethubutu. Mimi na mdogo wangu, watu wazima, mmoja muuguzi na mwingine mwalimu, tukakaa jikoni tukatenda kituko ambacho hata mwanafunzi wangu mtoro angeona aibu. Tulichukua kikonyo cha ndizi, tukakikata urefu wa kidole, tukakianika juu ya jokofu siku sita mpaka kikajikunja na kuwa cheusi. Tukakifunga kwenye pamba, tukakitia kwenye kikopo cha dawa ya kuchua. "Mama haoni," mdogo wangu akasema, halafu akalia. Nikamwambia asilie, ni kwa ajili ya amani ya mama.

Nilipotua sikupita nyumbani Kibaha. Nilikwenda moja kwa moja Kisarawe, begi mkononi. Jamani! Mama alikuwa ameita watu. Shangazi wawili wametoka Mlandizi, majirani wamejaa, sufuria la pilau liko jikoni, shimo limechimbwa chini ya mkorosho wa mdogo wangu. Mwalimu wa madrasa alisimama akaeleza kirefu kwamba mambo haya ya vitovu hayamo katika dini, kisha akauliza pilau litapakuliwa saa ngapi.

Mama alinipokea, akanipapasa uso, akasema nimekonda. Nikamwamkia. Akanyoosha kiganja.

Nikampa kikopo. Akakifungua, akafunua pamba, akakishika kile kitu kwa vidole viwili. Vidole vya mama vimelima tangu kabla sijazaliwa. Alikibonyeza, akakizungusha, akakikwaruza kwa kucha na kukinusa mara moja tu.

"Hiki ni kikonyo cha ndizi," akasema kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye. "Tena ilivunwa changa."

Nilihisi ardhi ya Kisarawe inanikataa. Nikamvuta pembeni, nyuma ya jiko, nikamwaga yote. Nikamweleza mila yao, mnazi mchanga wenye waya, na yule bibi aliyesema yuko tayari kuchimba. Nikamweleza ile miti mmoja mmoja, Uingereza, Kanada, Marekani. Nilidhani atalia au atanitolea radhi. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Na huyo mwenzangu anakaa na nani?"

"Mlimao tu, mama. Yaani shemeji. Naye hakai hapo, ana nyumba yake."

"Kwa hiyo anakaa na miti."

"Ndiyo, mama."

"Maskini," akasema mama. "Na kila mmoja anaujua kwa jina."

Upande wa pili wa ukuta shangazi zangu walikuwa wanapiga vigelegele, maana waliona tumechelewa wakadhani tunaomba dua. Mama akaniambia kikonyo tutakizika, shimo limeshachimbwa na watu wameshakuja, hawezi kuwarudisha na njaa kwa ujinga wetu. Na yule bibi asichimbe. Mtoto aachiwe mti wake.

Kisha akanishika mkono. Hakuelekea kwa wageni. Aliniongoza mpaka kwenye mkorosho mwingine, ule wa pembeni ya kisima, mzee, umepasuka gome. Hakuhitaji macho kuufikia. Akakibandika kiganja changu kwenye shina.

"Huu ni wako," akasema. "Nilichimba mwenyewe, siku ya nane, mvua inaninyeshea. Naota moto wa matawi yake. Wewe uko hapo Kibaha, mtu akitoka na chai ya asubuhi, adhuhuri kashafika kwangu. Ukiacha leo uliyotumwa, ulikuja lini?"

Miaka kumi na tisa nafundisha umbali. Nilitafuta jibu kwenye lile gome, nikakumbuka mitihani, semina, mafuta ya gari kupanda, nikaikumbuka na ile hotuba yangu kwenye ua wa yule bibi.

"Idi," nikasema.

"Idi ipi?" akauliza mama, mkono wangu bado kaushika.