Nilichora Mashamba Kabla ya Kuyakanyaga

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa karatasi. Msoroveya Mkuu, mwenye ofisi, alinipa kisu kidogo na penseli kumi na mbili, akaniketisha karibu na dirisha linalotazama soko la Kisii. "Zichonge zote," akasema. "Ncha ikivunjika, anza upya." Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, cheti kwenye bahasha na tai ya kuazima shingoni. Nilichonga hadi jioni. Alipokuja kukagua alizijaribu moja moja kwenye ukucha wa kidole gumba, akanirudishia nne.

Ofisi yetu ilipima mashamba na kuchora ramani zake. Nyinyi vijana mnabonyeza kitufe na ramani inatoka, kwa hivyo nivumilieni nieleze. Msoroveya alikwenda shambani na thiodolaiti, yaani ile darubini ya miguu mitatu ya kupimia pembe, akaandika vipimo vyote kwa penseli katika kitabu cha shambani. Kitabu kikaletwa kwa mchoraji, ambaye ndiye mimi, nikavigeuza vipimo kuwa mistari ya wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Ukikosea, ulikwangua kwa wembe polepole usije ukatoboa. Ukimaliza, uliandika herufi za kwanza za jina lako kwenye kona ya chini. Shambani mchoraji hakwenda. Nilichora vilima vya Nyacheki na mabonde ya Nyamira bila kuwahi kuchafua viatu vyangu, na kusema kweli nilijivunia usafi huo.

"Huo unene wa mstari wako," Msoroveya Mkuu aliniambia wiki ile ya kwanza, "ukiupeleka ardhini ni hatua moja ya mtu. Hapa kwetu ndugu wanaacha kusalimiana kwa sababu ya hatua moja. Chora ukijua hivyo."

Alikuwa mtu asiyepaza sauti. Saa saba alikula ugali na mboga za chinsaga pamoja na sisi na mama aliyefagia ofisi, meza moja, na mkutano wowote ulisubiri mpaka mama huyo amalize chakula chake. Nilimwogopa mwaka mmoja, kisha nikampenda. Baada ya miaka kadhaa alinipandisha cheo nikawa Mchoraji Mkuu, na vijana wawili chini yangu.

Halafu kompyuta zikaja. Ya kwanza ilikaa miezi mitatu imefunikwa kitambaa, tukaicheka. Ya pili ilikuja na msichana aliyesomea kuitumia. Kazi iliyonichukua juma zima, yeye aliimaliza kabla ya chai ya saa nne, na mistari yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikitafuta kosa. Sikuliona.

Siku Msoroveya Mkuu aliponiita, alisimama nilipoingia. Miaka yote ile hakuwahi kusimama kwa ajili yangu.

"Sina kosa lako hata moja la kukuonyesha," akasema. "Kazi yenyewe ndiyo imeondoka. Naomba nikwambie mimi mwenyewe, usiisome kwenye barua."

Nilikuwa na watoto watatu. Kerubo alikuwa darasa la kwanza, Kemunto alikuwa na miaka mitatu, na Moraa alikuwa bado hajaanza kutambaa. Mke wangu ni muuguzi. Wakati huo alifanya kazi kituo cha afya upande wa Nyamira, akiondoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Msichana aliyetusaidia nyumbani ilibidi tumrudishe kwao. Kwa hivyo mimi, mwanamume wa Kigusii mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, nikabaki nyumbani kwetu Nyanchwa na wasichana watatu na sufuria ya uji.

Wiki za kwanza niliishi kwa aibu. Niliandika barua za kuomba kazi kila Moraa aliposinzia. Nilifikiria kwenda Nairobi, nikafikiria kufungua duka la fotokopi. Jumamosi kanisani, maana sisi ni Wasabato, watu waliniuliza niko wapi siku hizi, nikawajibu niko likizo.

Mke wangu alinisikia nikisema hivyo. Tulipofika nyumbani alinipokonya kalamu. "Baba Kerubo, usiandike barua nyingine wiki mbili hizi. Unaomba kila kitu kwa sababu hujui unachotaka. Kaa na watoto. Halafu uniambie unataka nini, nami nitakushikilia."

Nilikaa. Nilijifunza kusuka nywele, vibaya mwanzoni, hata Kerubo akarudishwa na mwalimu akasukwe upya. Nilijua ni nani anayelia kwa njaa na ni nani anayelia kwa kutaka kubebwa. Moraa hakulala ila kwa kutembezwa, basi nilimfunga mgongoni kwa leso nikapanda naye kilima cha Nyanchwa asubuhi na alasiri, Kemunto akifuata akiokota vijiti. Katika kutembea huko ndipo nilipoanza kuitazama ardhi. Niliona ua uliopindishwa na mizizi, na kijito kilichokuwa kimehama mkondo wake. Vitu hivi nilikuwa nimevichora miaka kumi na mmoja kama mistari tu.

Jirani mmoja wa kanisani alikuwa na dada yake mjane huko Nyamarambe, Mama Nyaboke, aliyetaka kuwagawia wanawe shamba. Aliniomba nikamsomee ramani. Nilimwachia jirani Kemunto, nikaenda na Moraa mgongoni. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha majembe. "Njooni muone!" mmoja akapiga kelele. "Soroveya ananyonyesha!"

Mama Nyaboke alipakana na shemeji yake, Mzee Ombati. Mpaka wao ulipaswa kwenda moja kwa moja kutoka bikoni ya juu, lile jiwe la alama, hadi bikoni ya chini. Lakini ua ulipinda katikati na kuizunguka chemchemi, ukaiacha kwa Mzee Ombati. Nilivuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni. Chemchemi ikaangukia upande wa mjane, hatua saba ndani.

"Ramani inasema ni ya shemeji," Mama Nyaboke akaniambia. "Tulipanda ua tukaupindisha hapo ili ufuate ramani. Nami tangu hapo nateka maji mtoni kule chini."

Niliikunjua ramani. Chemchemi ilikuwa imechorwa upande usio wake. Kwenye kona ya chini zilikuwa herufi zangu.

Nilimwambia nitarudi, nikashuka kilima bila kumwambia herufi zile ni za nani. Hakuna aliyejua. Nilikuwa sina kazi, na jina safi ndiyo mali pekee niliyobaki nayo. Nilipomweleza mke wangu, aliuliza jambo moja tu: "Mto uko mbali kiasi gani?"

Kesho yake nilikwenda kwa Msoroveya Mkuu. Alitoa kitabu cha shambani kabatini, akapitisha kidole kwenye vipimo. Kitabu kilisema kushoto. Mimi nilikuwa nimechora kulia.

"Kitabu kiko sawa," akasema. "Mkono uliokosea ni wako, na jicho lililopitisha ni langu. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, na mke wangu."

Alivaa kofia yake. "Basi twende tukawaambie."

Tulisimama mbele ya familia zote mbili na mzee wa mtaa, Moraa mgongoni mwangu. Msoroveya Mkuu alieleza, nami nikakiri. Mzee Ombati aliutazama ua, kisha akasema, "Kwa hiyo miaka tisa shemeji yangu ameshuka mtoni bure, na mimi nikimtazama." Akaingia nyumbani, akatoka na panga, nikarudi nyuma. Alinipita akaanza kuukata ua.

Mama Nyaboke alinijia. "Ni wewe uliyechora?"

"Ni mimi, mama."

Aliniangalia tangu viatu hadi kichwa. Nilitamani anitukane. "Nipe huyo mtoto nimshike," akasema, "wewe ushike kazi."

Alimshika hadi jioni. Marekebisho kwa Msajili wa Ardhi yalichukua miezi, lakini maji aliteka siku hiyohiyo.

Usiku huo nilimwambia mke wangu ninachotaka. Nilitaka kupima, si kuchora. Alinishikilia kama alivyoahidi, akabadilisha zamu zake ili nirudi chuoni siku mbili kwa juma. Msoroveya Mkuu alinifundisha thiodolaiti mwenyewe, Moraa akicheza kati ya ile miguu mitatu, na msichana wa kompyuta akanifundisha mashine yake bila kunidharau hata mara moja.

Nilipohitimu, niliajiriwa kupima mashamba Nyamira na mama tuliyemwita Madamu Mkurugenzi. Alinihoji kwa dakika kumi. Nilimwambia mapema kwamba saa tisa lazima niondoke nikawachukue watoto. Alivua miwani. "Wanawake huniambia hivyo kwa kunong'ona," akasema. "Wewe umesema kwa sauti. Anza Jumatatu." Nilifanya kazi chini yake, kisha chini ya waliomfuata, hadi nilipostaafu mwaka jana. Katika muda wote huo sikutia sahihi ramani ya shamba ambalo sikulizunguka kwa miguu.

Vijana huniuliza kama kuachishwa kazi kulikuwa bahati. Hapana. Kuliniuma, na siwezi kumtakia mtu mwenye mtoto mchanga. Nilichokuwa nacho ni watu. Nilikuwa na mke aliyeninyang'anya kalamu, bosi aliyevaa kofia yake bila kujitetea, na mjane aliyenipokea mtoto wakati alipokuwa na haki ya kunifukuza. Ramani niliirekebisha. Ile miaka tisa ya ndoo kichwani hakuna wino wa kuirekebisha, na nimeona heri niendelee kuikumbuka.

Mke wangu bado ana mwaka mmoja kazini. Alfajiri ninampikia chai, ninampigia viatu vyake rangi, ninamsindikiza hadi barabarani. Jana kijana wa jirani alitukuta pale akaniuliza, "Mzee, uko wapi siku hizi?"

"Niko nyumbani," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.